Kabati la Spika Ndani ya Pedali: Somo kwa Vikundi Vinavyopiga Muziki



Katika somo la leo tutazungumza juu ya gitaa la besi. Pengine msomaji atashangaa na kuuliza: besi na maendeleo zinahusiana wapi? Zinahusiana kwa sababu ya pesa za kikundi. Vikundi vya vijana, na kwaya pia, hununua vyombo vya muziki ili wapige kwenye harusi, harambee na mikutano, wapate kitu kidogo cha kutia mfukoni mwa kikundi. Na katika vyombo vyote, besi ndiyo huleta mabishano. Gitaa lenyewe linabebwa mgongoni, lakini spika yake ni nzito kama mzigo wa punda, na bei yake pia si mchezo.

Siku hizi kuna kifaa kidogo kinachowekwa sakafuni na kubonyezwa kwa mguu. Kazi yake ni kuigiza sauti ya kabati la spika ya besi. Sisi tutakiita pedali ya kabati. Wako wanaosema kifaa hiki ni dawa ya kila kitu, na wako wanaosema ni utapeli mtupu. Ukweli ni kwamba kina kazi moja, basi. Kikundi kinachoijua kazi hiyo kitaokoa pesa. Kisichoijua kitanunua mara mbili.

Tufuate njia yetu ya kawaida: tuone, tuamue, tutende.

TUONE

Anzeni kwa mchezo huu mfupi. Watu watatu wauigize mbele ya kikundi, wengine wasikilize.

MPIGA BESI: Mzee mwenyekiti, besi yetu hailii vizuri. Tukiichomeka kwa miksa inatoa sauti kama waya wa seng'enge ukigongwa na fimbo. Tununue kabati la kweli.

MWEKA HAZINA: Na hilo kabati litabebwa na nani, kijana? Juzi tukienda Bissil pikapu ilijaa mpaka wewe mwenyewe ukakaa juu ya jenereta.

MPIGA BESI: Basi mama, tununue pedali. Nimeambiwa kuna pedali ambayo ndani yake mna kabati.

MWEKA HAZINA: Kabati ndani ya pedali! Na ndani ya hilo kabati mna sahani na vikombe?

MWENYEKITI: Wacheni mzaha kwanza. Nawauliza swali moja tu. Shida yetu ni sauti mbaya, ama ni sauti ndogo?

Mchezo unaishia hapo. Swali la mzee ndilo somo letu lote.

Kifua cha besi

Sauti ya mtu huanzia kooni, lakini kifua na kinywa ndivyo huipa umbo. Sikilizeni nyimbo za Wamaasai. Olaranyani anaongoza kwa sauti ya juu, na wenzake wanajibu kwa mngurumo mzito wa kifuani. Hawana gitaa, lakini besi wanayo. Au tazameni nyatiti ya Wajaluo: nyuzi nane, na chini yake sanduku la mti lililowambwa ngozi. Ukiondoa sanduku lile, unabaki na nyuzi tu zinazolia kidogo.

Gitaa la besi la umeme, la aina ile Leo Fender aliyoanza kuuza Marekani mwaka 1951, halina sanduku. Ni ubao mzima. Nyuzi zinatetemeka, sumaku zinageuza mtetemo kuwa umeme mdogo sana, na umeme huo unapita kwenye waya. Kwa hivyo kifua cha besi kiko nje ya gitaa. Kifua hicho ndicho kabati la spika.

Kadiri bendi zilivyopiga mbele ya watu wengi zaidi, makabati yalizidi kukua. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa amplifaya iitwayo SVT yenye nguvu ya wati 300. Kabati linalojulikana sana kwa mtambo huo lina spika nane za inchi 10, na uzito wake unazidi kilo 60. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Hebu fikirieni kupandisha mzigo huo kwenye matatu.

Sasa tuangalie vizuri kabati linafanya nini. Linafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni nguvu. Linasukuma hewa ili watu walio mbali wasikie.

Kazi ya pili ni kuchuja, na hii wengi hawaijui. Spika kubwa za besi zisizo na twita hazipendi sauti nyembamba. Ikifika mitetemo kama 4,000 au 5,000 kwa sekunde, spika inaanza kuiacha. Mkwaruzo wa kucha, mlio wa chuma uzi ukigonga ubao, vyote hupungua. Kabati pia linanenepesha sehemu fulani za sauti ya chini. Kinachobaki ni ule mviringo ambao sikio limezoea kuuita besi.

Ukichomeka besi moja kwa moja kwenye miksa, chujio hilo halipo. Spika za hadhara zina twita ili maneno ya msemaji yasikike wazi, kwa hivyo zinatoa kila mkwaruzo. Hapo ndipo inapotoka ile sauti ya seng'enge.

Pedali ya kabati inafanya kazi ile ya pili peke yake. Inachuja na kunenepesha kama kabati, kisha inapeleka sauti iliyokwisha kupikwa kwenye miksa. Kazi ya kwanza, yaani nguvu, haiifanyi hata kidogo. Tafadhali mwenye kuandika kumbukumbu za mkutano apige mstari hapo.

Aina mbili za pedali

Aina ya kwanza hutumia vifaa vya umeme vya kawaida kuchuja sauti. Mojawapo ya zilizojulikana sana ni SansAmp ya kampuni ya Tech 21 ya New York. Ilibuniwa na Andrew Barta, ikatoka mwaka 1989, na mwaka 1992 wakatoa ile iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Aina hii haina mambo mengi. Ina vitufe vichache vya kuzungusha, na fundi akizoea anaimudu haraka.

Aina ya pili ni ya kidijitali. Mafundi huchukua kabati halisi, huweka maikrofoni mbele yake, hupitisha sauti maalumu na kurekodi jinsi kabati lilivyoibadilisha. Kutokana na hiyo wanapata kumbukumbu fupi ambayo haifiki hata sekunde moja. Ni kama kupiga chapa ya muhuri. Pedali inaweka chapa hiyo juu ya kila noti unayopiga. Pedali moja inaweza kubeba chapa za makabati mengi, na nyingi zinakubali kuongezewa nyingine kutoka kwa kompyuta.

Aina zote mbili zinafaa. Msilipie makabati mia moja kama mpiga besi wenu atatumia moja tu.

TUAMUE

Kabla ya mtu yeyote kupelekwa Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta bei, fanyeni majaribio haya. Hayagharimu chochote.

Jaribio la kwanza: wimbo wa simu. Chomekeni simu kwenye miksa yenu, mpige wimbo ambao besi yake mnaijua vizuri, kupitia spika zile zile mnazotumia siku zote. Sauti iwe ya kiwango cha harusi, si ya chumbani. Kisha msikilize. Kama besi ya wimbo inatoka nono na wazi, spika zenu zina uwezo. Shida ni umbo la sauti ya gitaa, na pedali itawasaidia. Lakini kama hata besi ya wimbo ni nyembamba au spika zinakoroma, shida ni nguvu. Pedali haitafaa kitu. Mnahitaji spika kubwa za chini, zile wanaziita wufa.

Sababu yake ni hii. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Wimbi moja la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Spika ndogo haiwezi kulisukuma wimbi kama hilo, hata ukiitukana. Tena uwanjani, pale tambarare kati ya Isinya na Kajiado, hakuna ukuta wala dari ya kurudisha sauti. Kinachotosha ndani ya ukumbi hakitoshi nje.

Jaribio la pili: kitufe cha gitaa. Besi nyingi zina kitufe cha kupunguza sauti nyembamba. Kipunguzeni nusu. Kwenye miksa pia, punguzeni sauti za juu kwenye laini ya besi peke yake. Hii si sawa na pedali, lakini mara nyingine inatosha kwa ibada au mkutano mdogo.

Jaribio la tatu: angalieni mlicho nacho. Je, kuna amplifaya ndogo ya besi inayokaa stoo? Nyuma yake kunaweza kuwa na tundu la duara la pini tatu, kama la maikrofoni, la kupelekea sauti kwa miksa. Baadhi ya amplifaya hizo, na baadhi ya miksa za kidijitali, zina kiigizo cha kabati ndani. Msinunue kitu ambacho tayari mnacho.

Jaribio la nne: mkono. Huko Detroit, Marekani, miaka ya 1960, James Jamerson alirekodi besi nyingi za kampuni ya Motown akiwa amechomeka gitaa moja kwa moja kwenye mitambo ya studio, bila kabati. Dunia nzima ilizicheza. Hapa kwetu, wapigaji wa benga kama wale wa Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani waliifanya besi itembee na kujibizana na magitaa mengine. Pedali haiwezi kumfundisha mtu hayo. Mpiga besi afanye mazoezi kwanza, pedali ije baadaye.

Tena kuna jambo la majirani. Kitengela imejaa. Nyumba za kupanga zimepakana ukuta kwa ukuta, na sauti nzito hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, na kiwango cha kelele kinachoruhusiwa karibu na makazi baada ya hapo ni cha chini sana. Pedali nyingi za kabati zina tundu la hedifoni. Mpiga besi anaweza kujifunza usiku, mtoto wa jirani akiwa amelala. Faida hiyo muihesabu pia.

Hesabu ya wiki

Bei ikitajwa kwa maelfu, watu hunyamaza au hugombana. Igeuzeni iwe wiki. Tuseme mko 20, na kila mmoja anachanga shilingi 100 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 2,000. Kifaa cha shilingi 30,000 ni jasho la wiki 15 la watu wote. Kifaa cha shilingi 120,000 ni wiki 60, yaani zaidi ya mwaka. Chukueni bei halisi mlizoulizia katika maduka matatu, mgawanye kwa mchango wenu halisi, muandike ubaoni. Kando yake andikeni gharama za nauli na kubeba kila mnapoitwa kupiga.

Upande wa pedali, msisahau gharama iliyojificha. Kabati likiondoka, mpiga besi hana spika nyuma yake. Atajisikiaje? Atahitaji spika ya kujisikilizia jukwaani, au hedifoni. Kama hamna, ijumlisheni.

TUTENDE

Kama baada ya majaribio mmeamua kununua, fuateni hatua hizi.

1. Mpangilio. Gitaa, kisha pedali nyingine kama zipo, kisha pedali ya kabati mwisho, kisha miksa.

2. Waya wa kwenda kwa miksa. Tumieni tundu la pini tatu la pedali na waya wa aina ya maikrofoni. Waya huo unaweza kwenda mbali bila kuokota kelele njiani. Kama pedali yenu ina tundu la jeki tu na miksa iko mbali, mtahitaji kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita DI. Kwenye laini ya besi, zimeni umeme wa volti 48 wa maikrofoni, isipokuwa kitabu cha pedali kinauruhusu.

3. Sauti chini kwanza. Teremsheni laini ya besi kwenye miksa kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Ule mlipuko wa "puu!" ndio unaoua spika.

4. Kabati moja linatosha. Siku mkipata kabati halisi la kuazima, zimeni kiigizo kwenye sauti inayokwenda kwa kabati hilo. Sauti iliyochujwa mara mbili inakuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

5. Umeme wa pedali. Nyingi zinatumia volti 9, na katikati ya plagi ni hasi. Lakini si zote. Someni maandishi kwenye pedali yenyewe: volti ziwe sawa, upande wa hasi na chanya uwe sawa, na uwezo wa adapta usiwe chini ya ule unaotakiwa. Msiunganishe pedali ya volti 9 moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12.

6. Mngurumo. Umeme wetu wa Kenya hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G ya chini kwenye besi ni mara 49. Mnaona ugumu? Mngurumo wa umeme uko katikati ya sauti za besi, kwa hivyo ukijaribu kuukata kwenye miksa, unakata na besi yenyewe. Tafuteni chanzo: waya mbovu, adapta ya bei rahisi, au pedali na miksa kuchomekwa kwenye soketi za sehemu mbili tofauti. Pedali nyingi zina kitufe cha kutenga ardhi upande wa sauti, kijaribuni. Lakini mtu yeyote asivunje pini ya ardhi ya plagi ya ukutani. Pini ile inalinda uhai wa mpigaji anayeshika nyuzi za chuma.

7. Hatari nyingine. Tundu la amplifaya lililoandikwa la spika lisiunganishwe kamwe na tundu la kuingizia la pedali ya kawaida. Nguvu ile itaichoma. Na amplifaya ya taa, ile ya zamani, isiwashwe na kupigwa bila spika, kwa maana inaweza kuharibika yenyewe.

8. Vumbi. Kajiado tunalijua vumbi letu. Pedali ikae ndani ya kopo au kisanduku chenye kifuniko, matundu yakiangalia chini, na waya zikunjwe bila kuvunjwa shingo.

Pedali ni ya nani?

Kabati la kilo 60 haliibiwi kwa urahisi. Pedali inaingia kwenye mfuko wa koti. Tena inakaa miguuni pa mtu mmoja kila siku, hata watu wanaanza kusema "pedali ya fulani". Halafu fulani anapata kazi Nairobi au anahamia bendi nyingine, na pedali inakwenda naye. Hapo kikundi kinavunjika, si kwa sababu ya kifaa bali kwa sababu ya uchungu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kununua, andikeni namba ya kifaa, bei, tarehe na duka. Wekeni alama ya kikundi chini yake. Chagueni mtunzaji ambaye si mpiga besi, na kila anayeichukua atie sahihi. Watu wawili wajifunze kuitumia, siyo mmoja. Na pesa za kila kazi zikiingia, tengeni sehemu ndogo ya matengenezo kabla ya kugawana.

Maswali ya kujadili kikundini

Gawanyikeni katika makundi ya watu watano watano, kisha mrudi pamoja.

1. Katika mchezo, mwenyekiti aliuliza swali gani? Kwa nini wengine hawakuliuliza?

2. Tulipofanya jaribio la wimbo wa simu, tulisikia nini? Shida yetu ni sauti mbaya au sauti ndogo?

3. Kifaa tunachotaka ni sawa na wiki ngapi za michango yetu? Nani kati yetu ataumia zaidi kuzilipa, na je, amesikilizwa?

4. Tukialikwa mara ngapi ndipo kitajilipa?

5. Ni kifaa gani cha kikundi ambacho leo tunakiita kwa jina la mtu mmoja? Tutafanya nini juu yake?

Katibu aandike majibu, na maamuzi yasomwe tena mkutano unaofuata kabla pesa hazijatoka. Kikundi ambacho kitaona hakihitaji pedali kwa sasa kisione haya. Na chenyewe kimesoma somo hili vizuri.